Mlango wa Tano wa Mwanahawa

Kidole cha Mahmoud kilipofika kwenye mlango wa tano wa chombo, kilikataa kwenda mbele. Nadhira alidhani ba'mdogo wake amepata kasoro, kwa kuwa ndiyo kazi aliyompa, kutafuta kasoro, naye akashika penseli tayari kuandika. Ndipo alipoona kwamba kidole kimeganda juu ya karatasi, na mwenye kidole ametoa macho pima.

"Anagonga," alisema Mahmoud.

"Nani anagonga, Ba'mdogo?"

"Humsikii? Anagonga."

Nadhira alitega sikio, asisikie kitu ila pikipiki za barabarani na jirani anayetwanga. Mtu huyu hakuwa wa kusema ovyo. Maisha yake yote Nadhira hajapata kumwona akipandisha sauti, sembuse kusikia visivyokuwapo, na sasa alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, jua bado linawaka nje, jasho linamchuruzika mpaka kwenye ndevu.

Afadhali ielezwe kwanza walichokuwa wakifanya, maana aliyewachungulia dirishani siku ile angesema wote wawili wamerukwa na akili.

Nadhira, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, huchora ramani za nyumba kwa ajili ya riziki. Wateja wake ni watu wa Dar es Salaam wanaonunua viwanja Bagamoyo na kwenda mbele hadi Mkange, wanaotaka nguzo sita barazani zisizobeba kitu chochote. Kazi hiyo humpa chakula na kumchosha. Kazi anayoipenda ni nyingine: huchora vyombo vya anga vya hadithini. Mwaka huu kundi moja la watoa hadithi za picha kwenye simu lilimpa kazi iliyomkosesha usingizi. Msimamizi wao, Muzammil, alimwambia kwa simu, bila kumung'unya maneno, kwamba wasomaji wamechoka na vyombo vinavyopita kando ya sayari. Wao wanataka chombo kinachosafiri ndani ya Mshtarii.

Ndani, si juu yake. Hapo ndipo pana kazi.

Mshtarii haina ardhi. Nadhira alilijua hilo tangu shuleni, kwa namna watu wanavyojua mambo ya shule, yaani bila kuyafikiri. Siku alipoketi kulifikiri alishtuka mpaka chai ikapoa mbele yake. Sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua, nawe ukishuka hukanyagi popote. Unashuka ndani ya gesi, gesi inazidi kuwa nzito, inazidi kuwa ya moto, inakubana kila upande, na bado hujafika mahali kwa sababu hapana mahali pa kufika. Alikwenda kumwambia mama yake jikoni. Mama yake akasema Mungu ni muweza, akamwomba ampishe achuje nazi.

Halafu kuna suala la kuelea. Puto la kwenye sherehe hupaa kwa sababu gesi iliyomo ndani ni nyepesi kuliko hewa ya nje. Huko Mshtarii, nje penyewe pamejaa hidrojeni, na hakuna gesi nyepesi kuliko hidrojeni. Sasa puto lako utalijaza nini? Wiki mbili Nadhira alizunguka na swali hilo, akamchorea mteja mmoja choo kisicho na mlango kwa kuzubaa. Jibu lilipomjia lilikuwa jepesi hata akajionea aibu. Utalijaza hidrojeni ile ile, ila umeipasha moto. Chombo kivute gesi ya nje, kiipashe, kijaze puto kubwa kuliko mji mkongwe wote wa Bagamoyo, na vyumba vya watu vining'inie chini yake. Katikati kukae tanuri. Tanuri likizima puto litapoa, chombo kitazama, na kwa kuwa chini hakuna chini, kitaendelea kuzama mpaka kisagike.

Mgandamizo wa kule hauwezi kuzuiwa na ukuta mmoja. Kwa hiyo alichora kuta nne, moja ndani ya nyingine, na katika kila nafasi mgandamizo wake, ili kila ukuta ubebe fungu la mzigo badala ya mzigo wote. Chombo akakiita Mwanahawa. Muzammil alipoona mchoro wa kwanza alinyamaza kwenye simu mpaka Nadhira akadhani mtandao umekatika.

Mkaguzi wa michoro yote hiyo alikuwa Mahmoud. Hakujua lolote kuhusu Mshtarii zaidi ya kwamba ni nyota inayong'aa. Lakini alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mitano kwenye vyumba vya injini za meli za mizigo, na alikuwa na namna yake ya kukagua. Hakutaka kutazama picha kwenye simu. Alimtaka Nadhira akaichapishe kwenye karatasi kubwa pale steshenari, aitandaze mkekani sebuleni, kisha yeye huweka kidole kwenye kitanda cha fundi wa chombo na kusema, "Nimeamka. Ni zamu yangu. Nitembeze."

Basi hutembea. Kidole kinatoka chumbani, kinashika ngazi, kinapita vichochoro, kinafika kazini, kinafanya kazi, kinarudi. Njiani hukuta makosa ambayo jicho halioni. Ngazi hii nyembamba, mtu mwenye ndoo atapitaje? Valvu hii umeiweka nyuma ya bomba la moto, unataka niungue kila siku? Na msalani mbali hivi, unadhani tanuri litanisubiri? Wiki tatu mfululizo Mahmoud alikwenda zamu ndani ya Mshtarii baada ya sala ya Alasiri, akarudi salama kabla ya Magharibi, na Mwanahawa ikawa chombo ambacho mtu angeweza kukiamini.

Mahmoud ni mdogo wa marehemu Hamoudi, baba yake Nadhira. Ndugu hao wawili walikuwa mafundi wa injini katika meli moja, Salihina, iliyozama mwaka elfu moja mia tisa tisini na sita ikitoka Tanga kwenda Pemba. Nadhira alikuwa na miaka sita. Mahmoud alirudi, Hamoudi hakurudi. Miezi kumi na minne baadaye Mahmoud alimwoa mjane wa kaka yake ili mtoto asilelewe na mkono wa mbali, na malezi yake hayakuwa na dogo wala kubwa la kulalamikia. Nadhira humwita Ba'mdogo kwa sababu ndivyo alivyo, lakini baba mwingine hamkumbuki vizuri.

Siku yenyewe Muzammil alipiga simu adhuhuri. Alitaka msiba. Sura inayofuata, ukuta wa nje wa Mwanahawa unapasuka, gesi inavamia chumba cha tanuri, nahodha anaamuru mlango wa tano ufungwe ili waliobaki wapone, na fundi mmoja anabaki upande wa pili. Wasomaji watalia, alisema kwa furaha. Mchoro wa mlango ukifungwa aupate jioni hiyo hiyo.

Mahmoud aliporudi kutoka msikitini, Nadhira alimtandazia karatasi. "Ba'mdogo, leo chombo kinaharibika."

"Vizuri," alisema Mahmoud akivua kofia na kuiweka kitini. "Chombo kisichoharibika kimechorwa na mwongo. Nitembeze."

"Umelala. Kengele inalia. Gesi inaingia chumba cha tanuri."

Kidole kilitoka kitandani mbio. Kilishuka ngazi, kikapita kichochoro cha kwanza, cha pili. "Nimefika. Nahodha anasema nini?"

"Anasema funga mlango wa tano."

"Nani yuko ndani?"

"Fundi mkuu. Amerudi kufunga valvu."

Hapo ndipo kidole kilipokataa. Na hapo ndipo Mahmoud aliposema anagonga.

Nadhira alimshika bega. "Ba'mdogo. Nani anagonga?"

"Kaka," alisema Mahmoud. "Hamoudi."

Penseli ilimtoka Nadhira mkononi ikabingirika mpaka chini ya kabati. Hakuiokota.

Inafaa kujua kwa nini neno hilo lilimkata maini. Nyumbani kwao kila mtu alijua jinsi Hamoudi alivyokufa, na ilikuwa hadithi fupi. Chuma cha injini kilimpiga kichwani maji yalipoingia, akafa pale pale, hakuumia. Mahmoud alimwona kwa macho yake. Alilisema hilo mbele ya marehemu Sheikh Mbaruku na jamaa wote, mkono juu ya msahafu. Nadhira alikua akilishikilia lile neno "hakuumia" kila alipoikumbuka bahari. Mtu aliyekufa pale pale hagongi.

"Ulisema chuma kilimpiga," alisema.

"Nilisema."

"Na hakikumpiga?"

Mahmoud alitikisa kichwa. Kidole chake kilikuwa bado pale pale, kana kwamba akikiondoa kitu kitafunguka. Akaanza kusimulia akiwa ameinama, anaiambia karatasi.

"Maji yaliingia kwenye shafti ya propela. Tulikuwa wote wawili chini. Akaniambia panda, mimi nafunga valvu nakuja. Nikapanda. Nahodha alikuwa juu ya ngazi, anapiga kelele, funga mlango, funga, maji yakipita hapo tunakwenda wote. Mashua ilikuwa haijashushwa hata. Nikafunga. Nikazungusha gurudumu mpaka likakaza. Nikajua yuko ndani, Nadhira. Usije ukasema labda sikujua."

"Sijasema kitu."

"Kule chini makelele ya injini hayaachi watu wasemezane. Tulikuwa tunagonga kwa spana. Mara moja ni ngoja. Mara mbili ni nimemaliza, fungua. Akagonga mara mbili. Alikuwa amefunga ile valvu, maskini, alidhani amemaliza. Akatulia, akagonga tena mara mbili. Hakugonga kwa hasira hata kidogo. Aligonga kama siku zote, kama mtu aliyemaliza kazi anasubiri mwenzake afungue. Akawa anagonga hivyo mpaka tulipoachia kamba ya mashua."

Nadhira alitaka kulia, machozi yakagoma. Alikuwa amepigwa na butwaa kiasi kwamba alijikuta anatazama vitu vya kijinga: kofia kitini, tundu la soksi ya Mahmoud, mstari wa wino alioukosea kwenye ngazi. Muda gani? Tangu kufunga mlango hadi kuachia kamba ya mashua ni muda gani? Aliuliza, akajuta kuuliza.

"Robo tatu ya saa," alisema Mahmoud. "Labda na zaidi."

"Uliapa," alisema Nadhira. Sauti yake ilimshtua mwenyewe, ilikuwa ndogo, ya mtoto wa miaka sita. "Uliweka mkono kwenye msahafu ukaapa umemwona amekufa."

"Mama yako aliniuliza kama aliumia. Nikasema hapana, chuma kilimpiga. Lilinitoka tu. Ungemwona alivyokuwa, nawe ungesema hapana. Kisha sheikh akasema, kama hakuna aliyemwona amekufa, basi huyu ni mtu aliyepotea, na mkewe atangoja miaka minne ndipo aanze kukaa eda. Miaka minne. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, mtoto mkononi, hana mume na si mjane. Akaniuliza, je, wewe ulimwona? Wote wakanigeukia. Nikasema nilimwona. Akaniletea msahafu."

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aanze, akainua uso. "Usimwambie mama yako."

Hapo Nadhira akakasirika, na hasira ilimsaidia kidogo kwa sababu ilimrudisha mwilini mwake. Alimpenda mtu huyu. Ndiye aliyempeleka shule, aliyemshika mkono siku ya homa, aliyekwenda naye zamu kwenye sayari isiyo na chini. Lakini kitu alichomwekea mapajani kilikuwa kizito, na sasa anamwambia akibebe humu humu ndani, ale nacho, alale nacho, amtazame mama yake usoni kila siku akijua. Alikata shauri pale pale.

"Mimi sifichi," alisema. "Utamwambia mwenyewe. Usipomwambia leo, nitamwambia mimi."

"Itamuua."

"Mwambie, Ba'mdogo."

Bi Tatu, mama yake Nadhira, aliingia kabla hawajamaliza, na mfuko wa mananasi ya Kiwangwa aliopewa na mzazi wa mwanafunzi. Alikuwa anatoka madrasa. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea, na kwa miaka ishirini amewafundisha wasichana wa mji ule fiqhi ya wanawake: twahara, ndoa, talaka, eda. Mjane akitaka kujua siku zake, aliyeachwa akitaka kujua haki yake, huja kumwuliza Bi Tatu, na Bi Tatu hujibu bila kufungua kitabu. Aliwatazama wale wawili mkekani, akauweka mfuko chini taratibu.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Nadhira alimtazama Mahmoud.

"Shemeji," alisema, "kaa kitako nikuambie neno."

Shemeji. Nadhira aligutuka. Miaka yote mtu huyu alimwita mkewe Mama Nadhira, na neno hili lilitoka kana kwamba lilikuwa limekaa mdomoni siku zote likisubiri. Bi Tatu naye alilisikia, maana nyusi zilipanda, lakini alikaa.

Mahmoud alimwambia yote. Mlango, gurudumu, spana, mara mbili na mara mbili, robo tatu ya saa. Hakujitetea hata kidogo, na hilo lilimfanya Nadhira azidi kuumia kwa ajili yake. Bi Tatu alisikiliza amefumba macho. Uso ulimbadilika rangi, midomo ikawa inatembea bila sauti, na ncha ya mtandio ikapanda kufuta machozi, ikashuka, ikapanda tena. Nadhira alimsogelea akamshika mkono, akaukuta wa baridi kama maji ya mtungi.

"Alikuwa hai," alisema Bi Tatu mwishowe.

"Alikuwa hai."

"Nahodha ndiye aliyesema funga?"

"Yeye."

"Na mlitoka wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Bi Tatu alivuta pumzi ndefu iliyokatika katikati. "Mwenyezi Mungu amrehemu Hamoudi. Ningekuwa mimi pale juu ya ngazi sijui ningefanya nini, na wewe ulikuwa kijana. Nitamlilia upya, hilo ujue. Ila siwezi kukuhukumu kwa mlango ule."

Nadhira alihisi mabega yakimshuka. Alikuwa amejiandaa kwa kilio cha kuita majirani, na badala yake mama yake alikuwa amekaa, ameumia, lakini ni yeye yule. Alifikiri jambo kubwa limepita. Alianza hata kufikiria kuwachemshia maji ya tangawizi.

"Lakini bado hujaniambia," alisema Bi Tatu, "kwa nini umeniita shemeji."

Mahmoud aliinamisha kichwa. "Kwa sababu ndivyo ulivyo."

"Mimi ni mke wako."

"Hukuwahi kuwa. Sheikh alikuhesabia eda kwa kiapo changu, na kiapo changu kilikuwa cha uongo. Sikumwona amekufa. Nani ajuaye saa aliyokufa? Chumba cha chuma kile, pengine kilibaki na hewa, pengine..." Akashindwa kulimaliza. "Ndoa iliyojengwa juu ya uongo ule haikuwa ndoa. Nilijua hivyo tangu usiku wa harusi. Nikasema nitamtunza, nitamlea mtoto, heshima ataipata mbele za watu, lakini haramu sitaitenda. Ndiyo maana sijawahi kuvuka kizingiti cha chumba chako."

Nadhira alitamani ardhi immeze. Mtoto hasikilizi mambo hayo ya wazazi wake, awe na miaka thelathini na mitano au mia. Alitaka kusimama atoke, ila hakutoka. Ni kweli Mahmoud alilala chumba cha nje, kile cha kupokelea wageni. Nadhira aliona hivyo tangu utotoni, na mtoto akiona kitu kila siku hakiulizi. Watu walisema mafundi wa meli wamezoea kulala peke yao na kuamka kwa zamu. Alipokuwa mkubwa alidhani ni kwa sababu ya kikohozi chake.

Bi Tatu hakufumba macho safari hii. Alimkazia Mahmoud macho kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali.

"Kumbe ni hilo," alisema.

"Ni hilo."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, wallahi. Na safari hii naapa kweli."

Basi Bi Tatu akaanza kuhesabu kwa pingili za vidole, vilevile anavyowahesabia wanafunzi wake, polepole, na sauti yake ya darasani. "Hamoudi alikufa siku ile meli ilipozama. Haya, tuseme hakufa siku ile. Tuseme aliishi mle ndani siku saba, Mungu apishe mbali. Tuseme mwezi. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Wewe umenioa lini?"

"Baada ya miezi kumi na minne."

"Miezi kumi na minne. Kwa hesabu yoyote utakayoshika, eda ilikuwa imekwisha zamani. Ndoa yangu haikusimama juu ya kiapo chako, Mahmoud. Ilisimama juu ya eda yangu kwisha. Ni halali tangu siku ya kwanza. Hilo ni somo la watoto wa miaka kumi na miwili. Wanawake wa mtaa mzima wanakuja kuniuliza maswali hayo hapa hapa sebuleni, wewe unavaa kandambili unatoka nje kuwapisha."

Nadhira hakuwa amewahi kumsikia mama yake akimwita mumewe kwa jina lake. Sikuzote alikuwa Baba Nadhira.

Mahmoud alikuwa amekaa mdomo wazi. Mtu aliyeweza kutambua kwa kugusa tu bomba kwamba injini itagoma kesho, sasa alionekana kama aliyepigwa kofi na asiyemjua. "Na kiapo?" aliuliza.

"Kiapo cha uongo ni dhambi kubwa. Unatubu kwa Mola wako, na unatoa kafara. Unalisha maskini kumi. Kama huna uwezo, unafunga siku tatu."

Simu ya Nadhira iliwaka kwenye mkeka, Muzammil anauliza mchoro, ikazima yenyewe.

"Siku tatu," alisema Bi Tatu, na hapo sauti ya darasani ikamvunjika. "Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mwaka mzima kila Alhamisi nilijifukiza udi, nikatandika, nikakaa nasikiliza unavyokohoa chumba cha nje. Nikasema labda bado ana huzuni ya kaka yake. Mwaka wa pili nikasema nina kasoro, na wewe ni muungwana huwezi kunitamkia. Nikajitazama kwenye kioo niione hiyo kasoro. Nimeishi nayo mpaka nimezeeka. Ungefungua mdomo siku moja tu, ukaniuliza kama wanavyoniuliza wengine, ningekujibu nikiwa nakuna nazi."

"Niliogopa kukuambia habari ya mlango," alisema Mahmoud.

"Siku tatu za saumu. Na mimi umenifungisha miaka ishirini na minane."

Mahmoud aliinama mpaka paji la uso likagusa karatasi, mabega yakaanza kumtikisika. Bi Tatu hakumtazama. Vidole vyake vilikuwa bado vimeshika pingili, na macho yake yalikuwa kwa Nadhira, mtoto wake wa pekee, kisha kwenye mkeka kando ya Nadhira, mahali palipokuwa patupu, kisha kando ya hapo tena, kana kwamba anawahesabu wadogo zake Nadhira.